MWALIMU NA FAMILIA: Jiwe si breki

 

Mwezi uliopita niliwaahidi kwamba safari hii tutaongea jinsi mzazi anavyoweza kumsaidia mtoto hesabu za sehemu hata kama yeye mwenyewe hakuzisoma. Mtanisamehe. Hesabu za sehemu zitasubiri. Kuna jambo lilitokea hapa kwetu, na tangu siku ile maneno yamekuwa mengi kuliko ukweli. Tena kuna mama mmoja ambaye maneno hayo yamemuumiza bure. Mimi nilikuwepo, na mkono wangu umo ndani ya jambo hilo. Kwa hiyo nimeona niandike.

Gari lisilo na mtu

Wengi mnamjua yule mzee Mmalawi, mkulima wa upande wa Mponela, anayeleta nyanya sokoni kwetu kwa Land Rover ya zamani. Watoto wote wanamwita Agogo, kama wenyeji wanavyomwita mtu mzima mwenye heshima zake. Land Rover yake ni ya aina ya Series III, zile zilizotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ni mkubwa wangu kwa miaka mingi! Lakini inatembea, inabeba, na tope za masika haziiogopi.

Betri yake ni dhaifu. Ndiyo maana Agogo hupenda kuegesha pale kwenye mtelemko nyuma ya banda letu la kusomea, pua ikiangalia chini. Gari likigoma kuwaka, analiachia literemke kidogo, anaingiza gia, linawaka. Akiegesha anaacha gia ya kwanza, anashuka, anasukuma jiwe mbele ya tairi, anaenda zake sokoni. Sote tumeliona jiwe lile. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini gari zima linategemea jiwe.

Siku ile, wakati wa mapumziko, nilikuwa nasahihisha madaftari. Vijana watatu wa darasa la nne walipanda ndani ya Land Rover kucheza udereva. Milango yake haina kufuli. Niliwaona. Nasema ukweli mbele yenu: niliwaona, na nikawaacha, maana wakiwa mle ndani walikuwa hawapigani na mimi nilipata nafasi ya kumaliza madaftari.

Walikuta levers tatu, yaani fimbo tatu za kushika kwa mkono. Moja ni ya gia za kawaida, moja ina kichwa cha manjano, moja ina kichwa chekundu. Ile nyekundu ilikuwa ngumu. Wakaivuta wawili.

Nilichosikia kwanza ni sauti ya msichana kwenye foleni ya maji: "Gari inakuja! Gari inakuja, haina mutu!" Hakuona vichwa vya wale watoto, walikuwa wadogo chini ya kioo. Nilipotoka mbio gari lilikuwa limeshaanza kuteremka, bila moto, bila kelele. Na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Gari linalonguruma mtu analikimbia. Lile lilikuja kimya kama ng'ombe anayerudi zizini. Mmoja wa vijana aliruka. Wawili walibaki ndani wakilia. Wasichana waliacha ndoo wakatawanyika. Gari lilipita juu ya ndoo na madumu, likakwama kwenye rundo la matofali ya udongo ambayo jirani alikuwa ameyapanga yakauke.

Mungu alituhurumia. Kijana aliyeruka alichubuka magoti. Mwingine alijigonga kinywa kwenye usukani akapasuka mdomo. Ndoo na madumu yalipondeka, na matofali ya jirani karibu yote yalirudi kuwa udongo. Hakuna aliyevunjika, hakuna tuliyemzika.

Nani alichukua jiwe?

Ndilo swali la kwanza watu waliuliza. Na jibu lilipatikana haraka mno. Kulikuwa na mama mgeni, alikuwa hajamaliza hata mwezi tangu afike kutoka Kivu na watoto wake. Asubuhi ile alikuwa anatafuta figa la tatu. Mawili alikuwa nayo. Akaona jiwe zuri limelala mbele ya tairi. Halikuwa limebanwa, maana gari lilikuwa limeshikwa na gia. Alilivuta kwa mkono mmoja, likatoka, gari halikutikisika hata kidogo. Sasa yeye angejuaje? Kwa macho yake lile ni jiwe tu kando ya gari lililosimama. Akaenda kupikia watoto uji.

Watu walimwendea na hasira. Walimtukana, mmoja alitaka kumwaga sufuria. Mama wa watu alikuwa analia na kusema "sikujua, sikujua", kwa lugha ambayo wengine pale hawakuielewa vizuri. Kwa upande mwingine kulikuwa na wale wa kusema, "Basi, ajali haina kinga, tumshukuru Mungu twende nyumbani."

Pale ndipo alipofika yule fundi wetu, baba mtu mzima wa Uvira. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya gereji mjini Lilongwe, mpaka mwaka 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Sisi tunamwita Papa Fundi. Hakusema na mtu. Alilala chali chini ya gari, akakaa kama dakika tano, akatoka na oili kwenye mkono. Akasema:

"Munasema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga. Kiwandani waliiweka. Kuna mutu aliitoa akaitupa."

Gari lilikuwa halina breki ya mkono. Haikuwa imeharibika. HAIKUWEPO. Fimbo yake ilikuwa imekatwa, vyuma vyake vya kuvuta havikuwepo, viatu vyake vya breki havikuwepo. Agogo alipokuja kutoka sokoni, amekunja kofia mkononi, hakuficha. Alisema alilinunua hivyo hivyo. Fundi wa zamani aliona breki ile inalowa oili kila wakati, akaichomoa yote, na nafasi ya fimbo ikatumika kukalisha abiria wa tatu vizuri. Tangu hapo ni mwala, jiwe kwa Kichewa. Ndiyo maana vilevile alikuwa anakwepa barabara kuu ya M1, maana gari la namna hiyo haliwezi kupata cheti cha COF, na polisi wa barabarani anaweza kukiomba cheti wakati wowote.

Kwa nini gia peke yake haikutosha

Hapa naomba tukae kidogo, hasa ninyi vijana mnaotaka kuwa mafundi. Papa Fundi alinieleza mara tatu mpaka nikaelewa, na mimi nawaeleza mara moja.

Tuanze na uzito. Land Rover kama ile, tupu, ina tani moja na nusu hivi, yaani kilo 1,500. Mtelemko wetu si mkali. Ukitembea hatua za mita 10, unashuka mita 1. Kwenye mtelemko wa moja kwa kumi, gari linavutwa kwenda chini kwa nguvu ya karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Sehemu ya kumi ya 1,500 ni 150. (Mnaona? Hesabu za sehemu zimerudi zenyewe.) Kilo 150 ni mifuko mitatu ya mahindi ya kilo 50. Nguvu hiyo haichoki, hailali, inavuta mchana na usiku. Na gari likishaachiwa, baada ya mita 10 tu linakuwa na kasi ya mtu anayekimbia, ila mtu huyo ana tani moja na nusu.

Gari likiwa kwenye gia na injini imezimwa, kinacholishika ni injini yenyewe. Magurudumu yanataka kuzunguka, lakini ili yazunguke lazima yazungushe injini, na hewa iliyobanwa ndani ya silinda inakataa. Sasa injini ya zamani imelika, hewa inavuja polepole, na gari linaweza kusogea kidogo kidogo.

Lakini kwa Land Rover kuna jambo kubwa zaidi. Ile ina giaboksi mbili. Nyuma ya giaboksi ya kawaida kuna nyingine ndogo, inayochagua mwendo wa kawaida au mwendo wa nguvu wa kupandia milima na kutokea kwenye tope. Fimbo nyekundu ndiyo yake. Fimbo hiyo ikikaa katikati, giaboksi ndogo haishiki kitu. Yaani hata ukiacha gia ya kwanza huku mbele, magurudumu hayana habari na injini. Gari liko huru kabisa. Wale watoto walipovuta fimbo nyekundu ikafika katikati, ilikuwa kama kukata kamba ya mbuzi.

Waliotengeneza gari walilijua hilo. Ndiyo maana breki ya mkono waliiweka BAADA ya giaboksi ndogo, kwenye mgongo wake. Kuna dramu moja pale, na ndani yake viatu viwili vya breki. Ukivuta fimbo, viatu vinapanuka vinashika dramu, na dramu imefungwa pamoja na propela, ule mti wa chuma unaokwenda kwenye difu ya nyuma. Propela ikishikwa, matairi ya nyuma yanashikwa. Watoto wangevuta fimbo nyekundu, ya manjano na ile nyingine mpaka wachoke, gari lisingeteremka. Kinga ilikuwepo, tena ilifikiriwa vizuri. Sisi tukaweka jiwe.

Kuirudisha

Agogo alilipa ndoo na madumu, akawaomba radhi wazazi wa wale watoto, akamwomba Papa Fundi amrudishie breki. Fimbo na vyuma vya kuvutia alivipata kwenye Land Rover nyingine iliyokufa zamani, imekaa kwenye majani katika shamba moja la tumbaku karibu na Mponela. Viatu na sili ya oili alikwenda kuvitafuta Lilongwe. Kazi ilichukua Jumamosi mbili. Mimi nilikuwa wa kushika tochi na kuandika. Haya ndiyo niliyoandika.

Kwanza, gari lilisukumwa mpaka kwenye uwanja ulio sawa. Matairi yote manne yakawekewa kabari mbele na nyuma. Nilimcheka kidogo Papa Fundi, nikamwambia, "Papa, si ulisema jiwe si breki?" Akanijibu kwamba tukifungua propela, hata gia haitashika tena matairi ya nyuma, na yeye ndiye atakayekuwa amelala chini. Nikanyamaza.

Pili, kabla ya kufungua propela alipiga alama ya rangi upande huu na upande huu, ili irudi vilevile ilivyokuwa. Ikirudi vingine inaweza kuleta mtikisiko. Inashikwa na nati nne. Halafu dramu ikatoka.

Tatu, na hapa ndipo penye siri ya jambo lote, HAKUWEKA viatu vipya. Alianza na oili. Nyuma ya dramu kulikuwa kumelowa. Sili ya giaboksi ndogo ilikuwa imekufa, na oili ilikuwa inatiririka mle mle breki inamokaa. "Mwalimu," akasema, "ule wa kwanza aliona breki inalowa, akatoa breki. Hakuuliza oili inatoka wapi. Ni kama nyumba inavuja, wewe unatoa kitanda." Akafungua nati kubwa ya katikati yenye kotapini, akabadilisha sili. Akaangalia pia kitundu cha kupumulia cha giaboksi, maana kikiziba hewa ya moto inasukuma oili nje hata kama sili ni mpya. Kilikuwa kimejaa udongo. Akapima na oili yenyewe isizidi kiasi.

Nne, alisafisha dramu na ule mtambo mdogo wa kupanua viatu, mpaka ukateleza tena. Grisi aliweka kidogo sana pale chuma kinaposugua chuma, na hata tone moja halikugusa kitambaa cha breki. Hapa kuna onyo kwa vijana wote wa gereji: vumbi la breki za magari ya zamani MSILIPULIZE kwa mdomo wala kwa pampu. Vitambaa vingi vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta ugonjwa unaojitokeza baada ya miaka mingi. Papa Fundi alimwagia maji, akafuta kwa kitambaa kibichi, akakifunga kitambaa kwenye mfuko na kukizika.

Tano, viatu vipya na springi zake, dramu, propela kwenye alama zake, nati zikakazwa. Halafu kwenye sahani ya nyuma kuna skrubu yenye kichwa cha pembe nne ya kurekebisha. Aliikaza mpaka dramu ikashikwa kabisa, kisha akairudisha nyuma kliki mbili, dramu ikawa huru.

Sita, fimbo ya kuvutia na vyuma vyake. Hapa Agogo mwenyewe alitaka kusaidia, akaleta waya mzuri na msumari. Papa Fundi alikataa kwa heshima: "Agogo, pepani." Kila kiungo kiliwekewa pini yake, na kila pini kotapini yake mpya. Waya unanyooka na msumari unakatika. Mtu hajui vitaachia saa ngapi. Mwishoni akarekebisha urefu wa chuma cha kuvutia, ili fimbo ishike baada ya kliki chache, isipande mpaka mwisho. Akayasugua na meno ya fimbo, maana meno yakiwa butu fimbo inaweza kuruka yenyewe.

Siku ya kujaribu

Jumamosi ya pili jioni gari lilirudi kwenye mtelemko ule ule. Safari hii foleni ya maji ilihamishwa kwanza. Watoto walikaa juu, nyuma ya gari. Vijana wawili walisimama kando, si mbele, wakiwa na mawe tayari. Papa Fundi alikaa kwenye usukani, mguu kwenye breki ya kawaida, akavuta fimbo, akatoa gia, akaweka na ile nyekundu katikati. Halafu akaondoa mguu polepole.

Gari likasogea! Watu wakapiga kelele, wengine walikimbia. Lilisogea upana wa kiganja, likatoa mlio chini kama mtu anayekohoa, likasimama. Papa Fundi alikuwa anacheka. Breki ya namna hii inashika propela, haishiki tairi moja kwa moja. Kuna ulegevu kidogo kwenye viungo na kwenye difu. Ulegevu ukiisha, gari linashikwa. Ndiyo tabia yake, wala si ubovu.

Tulisubiri dakika kumi. Halafu Papa Fundi akawaita vijana sita wenye nguvu wasukume. Halikwenda. Agogo alishika fimbo ile kwa mikono miwili, akaiachia, akasema "Zikomo, zikomo kwambiri", akatazama mbali. Nadhani alikuwa anaiona tena ile foleni ya wasichana.

Lakini breki nayo ina mipaka

Papa Fundi aliniambia niandike na haya, nisije nikawafundisha watu nusu.

Moja: breki hii ni ya gari lililosimama. Usiivute gari likiwa linakimbia, labda kama breki za miguu zimekufa na huna njia nyingine. Inaweza kuvunja vyuma vya nyuma.

Mbili: ukipiga jeki tairi moja la nyuma, breki hii HAISHIKI tena. Difu inaruhusu tairi lililo hewani lizunguke upande mmoja na lililo chini lizunguke upande mwingine, na gari linaondoka juu ya jeki. Pale ndipo kabari inapohitajika kweli.

Tatu: magari mengine si hivyo. Minibasi nyingi na magari madogo, breki ya mkono inakwenda kwa kebo mpaka kwenye matairi ya nyuma yenyewe. Kebo inanyooka na inashika kutu. Dawa yake ni nyingine, lakini swali ni lile lile: ukiivuta mtelemkoni, inashika au haishiki?

Kwa hiyo mimi silidharau jiwe. Kwetu Kongo, tanboi wa lori anajua kazi ya kabari: lori likisimama mlimani anaruka nalo mkononi. Lakini tanboi analilinda jiwe lake, na yeye mwenyewe yuko pale. Jiwe lililoachwa peke yake halina alama kwamba ni breki. Mtoto atalichezea na mama atalipikia. Hatuwezi kuacha maisha ya watoto kwenye kitu ambacho kila apitaye ana haki ya kukiokota.

Sasa tuseme ukweli

Yule mama aliyechukua jiwe hana kosa. Nasema hivi katika gazeti letu ili kila nyumba isikie. Aliyeitoa breki miaka ile alikuwa na sehemu yake. Aliyeendesha bila breki alikuwa na sehemu yake, na ameikubali. Sisi tuliolipita gari lile kila wiki tukazoea jiwe, tulikuwa na sehemu yetu. Na mwalimu aliyewaona watoto wanapanda, akainamia madaftari, sehemu yake ni kubwa. Nimekwenda kwa wazazi wa wale vijana watatu, nyumba kwa nyumba, nikawaomba msamaha. Nimekwenda pia kwa yule mama. Alinikaribisha chai. Nilipoinama kuangalia mafiga yake niliona mawili ya mawe na la tatu ni tofali lililopasuka, linayumba. Lile jiwe alikuwa amelirudisha usiku ule ule, peke yake, akaliweka pale pale alipolitoa, wakati gari lenyewe lilikuwa halipo tena.

Jumatatu iliyofuata, vijana wa darasa la nne walilibeba lile jiwe wakampelekea. Agogo alikubali. Hana kazi nalo tena.

Kwa familia zetu

Jioni hii, mkimaliza kusoma, ongeeni nyumbani juu ya mambo haya manne:

1. Mtoto asicheze ndani ya gari, chini ya gari, wala mbele na nyuma ya gari lililosimama mtelemkoni, hata kama dereva ni mjomba.

2. Mkiona jiwe au gogo kwenye tairi, msiliguse. Mkilihitaji, ulizeni mwenye gari kwanza.

3. Mwenye gari akija kuegesha karibu na kisima, shule au kanisa, tumwombe kwa adabu aegeshe mahali palipo sawa. Akiwa hana mahali, ageuze matairi ya mbele kuelekea ukingo au upande usio na watu.

4. Nyumbani kwenu kuna "jiwe" gani? Labda ni waya uliofungwa kwenye mlango badala ya komeo, au kibatari kilichowekwa juu ya chupa badala ya kinara. Kitu ambacho kilitolewa siku moja kwa haraka, mkasema mtakirudisha, na sasa mmekizoea. Kila familia itafute kimoja, ikirudishe kabla ya mwezi kwisha.

Watu husema jina la Dzaleka, toka enzi za gereza, linatokana na neno la Kichewa la kuacha: nitaacha, sitarudia tena. Basi na sisi tuseme hivyo kuhusu mtindo wa jiwe.

Wadogo zangu wa darasa la nne, nimewasamehe, na ninyi mnisamehe mimi. Vijana wenye hamu ya ufundi, Papa Fundi amesema mlango uko wazi kwa wale wanaokubali kuanza na kuosha dramu kabla ya kushika spana. Maswali yenu yaleteni bandani kwetu, yameandikwa au kwa mdomo. Na mwezi ujao, nikijaliwa, hesabu za sehemu, kweli kabisa!

Mbaki na amani.

Wenu,
Mwalimu wa kujitolea